Irabu ya Mwisho

Karani wa Ruwi hakuinua macho.
Baba alisema: Mbaruku.
Kalamu ikaandika: Mubarak.
U yetu ya mwisho ikabaki mezani
kati ya mihuri na kisahani cha halua,
na baba, aliyetoka Chake na sanduku moja la bati,
akaona si adabu kurudi kudai irabu.

Mji wenyewe ulikuwa bado unajengwa,
barabara zinakwenda, zinakwenda, zinaishia mchangani.
Babu wa babu yetu amezikwa Ibra.
Tulipokwenda kumzuru, binamu zetu walituangalia midomo,
wakacheka: ha yetu ilikuwa nyepesi,
haikupitia kooni.

Mama kilichomtesa ni kahawa.
Siku ya kwanza kwa jirani, Bi Shinuna,
hakuna aliyemwambia kwamba ukitosheka
kikombe hutikiswa.
Alimaliza, akakirudisha kwa heshima, kikajazwa.
Akamaliza, kikajazwa.
Vikombe tisa, chungu kama subili,
hata usiku mikono ikatetemeka yenyewe
na baba akamwambia: sasa ndiyo unatikisa!

Tukajifunza.
Asubuhi tulikifunika Kiswahili kwa kawa pale jikoni,
adhuhuri tukirudi tunakikuta kingali vuguvugu.
Kaka yangu Thuwaini alifungua bomba la bafu tusimsikie,
akaifukuza ain mbele ya kioo
mpaka akapata koo la mtu wa Nizwa.
Akaoa huko huko.
Wanawe huniita ammati,
na nikiwaambia hamjambo, hutazama simu.
Mmoja tu, siku ya Idi, alinijibu: sijambo,
kama mtu anayekupa sarafu
iliyokwisha kufutwa.

Lakini mji nao ulikuwa unakula.
Mishikaki inafuka moshi usiku kucha kando ya barabara ya Mabela,
mandazi yameandikwa kwa Kiarabu kwenye kioo cha duka,
na hakuna anayeuliza.
Na kofia! Zile za mabwana wa wizarani,
mama alizishona, tundu kwa tundu,
taa haizimwi, sindano inamchoma dole lile lile.
Walimwita “yule wa Zinjibar”
nao wamevaa macho yake kichwani.
Sijui nani alimmeza nani.

Mwaka huu, mwezi wa Rajabu, akaanza kurudisha vitu.
Kiarabu kiliaga kwanza,
kama mgeni anayejua saa yake.
Yakafuata majina ya wajukuu.
Mwisho akabaki na mitaa ya Chake,
Tibirinzi, Machomane, Wawi,
akiitaja mmoja mmoja, polepole,
na nesi wa Kerala akiiandika kwenye faili
akidhani ni dawa alizokuwa akinywa.

Matangani dele nililishika mimi.
Bi Shinuna alikuja ameshikwa mkono,
jirani wa miaka arobaini na mbili,
ambaye hakupata kusema nasi ila lugha yake.
Nikammiminia. Akanywa.
Nikammiminia. Akanywa, akakinyosha tena,
hakukitikisa.
Nikasema moyoni, amesahau, uzee.
Nikaliinamisha dele mara ya tatu,
naye akaweka kiganja juu ya kikombe:

Basi.

Watu wa hapa husema bas.
Neno hukatika menoni kama uzi.
Yeye aliiacha ile i itoke,
ndogo, wazi, haina haraka,
kama kitu cha watu alichokiweka kabatini miaka yote hiyo
akingoja wenyewe waje kukiulizia.

Nilikwenda jikoni.
Kulikuwa na vikombe vya kuosha, vingi.